Ndege wa Lazhari na Mahali Tulipokula Tikiti

Mwaka umezunguka, Lazhari, tangu asubuhi ile ya mwezi wa tatu ulipouliza kama kuna mtu aliyefunga dirisha la chumba cha ndege, ukajibiwa ndiyo, ukageukia ukuta, ukatuacha. Aliyekujibu ni dada yako Mbarka, na alikudanganya. Hakuna aliyekwenda kutazama. Alisema vile ili upumzike, nawe ukapumzika moja kwa moja. Mpaka leo anajilaumu, ingawa dirisha lenyewe ulilifunga mwenyewe jana yake.

Hatutakuficha, tumechoka. Wengine huandika kumbukumbu za gazetini wakiwa wamepoa, sisi tunaandika na vumbi bado liko miguuni. Mwaka mzima tumehangaika na wanyama wako kuliko tulivyohangaika na wewe ulipokuwa ukikohoa, Mungu atusamehe. Ndiyo maana barua hii ni ndefu kuliko za wenzako. Mengine ni ya kukukumbuka, mengine ni ya kukupa habari.

Tunakukumbuka mikono yako, iliyonuka kafuri hata Ijumaa baada ya hamamu. Tunakumbuka ulivyokuwa mpole, usiyeweza kumfukuza mtu, usiyeweza pia kukaa kitako. Ulikuja kwenye harusi ya binti wa Mbarka na bundi mfukoni, amefungwa kwenye leso, ukaingia jikoni kuomba barafu. Wanawake wakakuonea huruma wakidhani unaumwa jino. Ulipoifungua ile leso juu ya sinia la lozi, kelele zilisikika mpaka msikitini. "Bundi, Lazhari! Siku ya harusi, bundi!" Nawe ukasema, taratibu kama kawaida yako, "Ameshakufa, dada. Nuksi yake imekwisha." Mbarka hajasahau. Ndoa yenyewe, alhamdulillahi, imedumu.

Uliingia Makumbusho ya Viumbe ya Bir Hmima una miaka ishirini, ukiwa mfagiaji. Uliyakuta kama alivyoyaacha Daktari Pelissard, tabibu wa jeshi la Wafaransa, aliyekuwa akitibu macho asubuhi na kuchuna ndege jioni. Aliacha wanyama mia moja na arobaini, na kila mmoja amefungwa mguuni lebo yenye neno moja, "Kusini", kana kwamba Kusini ni kitongoji. Daftari lake la safari alilipeleka mji mkuu, na huko liko salama mpaka leo. Wachungaji waliomkamatia wanyama hao hakuwaandika hata mmoja. Jambo hilo lilikuuma. Ulikuwa ukisema kila mara, mpaka tukalikariri, kwamba ndege asiye na lebo ni manyoya tu, na lebo isiyomtaja aliyemleta ni wizi.

Hakuna aliyekufundisha kuchuna. Ulifumua ndege wa daktari usiku mmoja mmoja, ukatazama alivyojazwa pamba, ukamshona upya kabla mkubwa wako hajafika. Baadaye ukawa wewe ndiye mkubwa. Wachungaji wakaanza kukuletea walichokiokota: kozi aliyegonga waya wa simu, mbweha mdogo wa masikio makubwa, nyoka moma aliyeuawa ndani ya hema. Uliwapa chai na sukari, ukaandika majina yao kwa ule mwandiko wako mzuri. Kila lebo ilikuwa na tarehe, uzito, kilichokutwa tumboni, jina la aliyekamata, na mahali. Ni hapo kwenye mahali, mzee wetu, ndipo ulipotutoa jasho.

Hujatimiza siku arobaini, barua ikaja kutoka mji mkuu. Ilisema ngozi zilizotiwa dawa ya zamani ni sumu na haziwezi kuachwa hivihivi. Kila mnyama ambaye mgeni anaweza kuelekezwa alikopatikana, na aliyemkusanya akajulikana, atatunzwa hapahapa, na ukumbi utatengenezwa. Waliobaki watazikwa shimoni na chokaa. Mtu wa kukagua angekuja mwezi wa kumi na moja. Mafuriko yalikwisha kuyeyusha madaftari yako siku nyingi, wewe wajua, kwa hiyo zilibaki lebo peke yake. Wanyama mia nane ishirini na watatu. Maisha yako yote na ya waliokutangulia.

Barua alipewa binti yako Dalenda, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Asubuhi anafundisha baiolojia shule ya wasichana, mchana anakwenda kwako, yaani makumbusho, maana sisi tulizoea kusema "kwa baba" tukiwa na maana ya kule na si nyumbani. Alikaa na kisu cha kufungulia bahasha mkononi, akaisoma mara mbili. Kisha akachomoa droo ya kwanza, akashika mguu wa kipozamataza, ndege mdogo wa mwaka sitini na sita, akasoma lebo: "Tulipokula tikiti."

Akachomoa ya pili. "Kisima cha Mjane, mkono wa kushoto."

Ya tatu. "Alipofia ngamia wa Sasi."

Ya nne. "Tulipogombana mara ya pili."

Baba, alisema peke yake mle chumbani, baba, umenifanyia nini?

Hukuwa na ramani, tunajua. Ramani za zamani zilikuwa za jeshi, na mfagiaji hapewi. Uliandika mahali kama watu walivyopaita, na pasipokuwa na jina ulipatia jina mwenyewe, ukidhani watakaopajua hawatakwisha. Wamekwisha. Dalenda alikwenda sokoni siku ya mnada wa mbuzi, akawasomea wazee waliobaki. Visima walivijua, na mahali walipofia ngamia wawili walipakumbuka. Alipofika kwenye tikiti wakaangua kicheko.

"Binti yangu, tikiti tumekula jangwa zima," alisema mmoja wao. "Wewe tuambie ni tikiti gani."

"Na hapa alipogombana mara ya pili?"

"Ah! Hapo muulize aliyegombana naye."

Wote walijua ni nani. Na Dalenda alijua, ndiyo maana alikuwa amezunguka soko lote kwanza.

Sasa hapa, Lazhari, inabidi tukuambie jambo ambalo hatukukuambia ukiwa hai, au tulikuambia kwa sauti ndogo. Mwaka themanini na nne makumbusho yalitimiza miaka hamsini. Gavana alikuja, viti vikakodiwa, ukavaa suti ya kaka wa kambo wa Mbarka. Ukasimama ukashukuru. Uliwashukuru wachungaji wote, jina kwa jina, mpaka waliokufa. Ukamshukuru dereva. Ukamshukuru punda wa mkweo Sasi aliyekuwa akibeba maji, na watu wakampigia punda makofi. Mke wako Neziha alikuwa mstari wa pili, na nguo mpya ya rangi ya komamanga aliyoishona kwa ajili ya siku ile.

Neziha, aliyetoka nawe jangwani miaka ishirini. Neziha ambaye vidole vyake vyembamba ndivyo vilivyochuna ndege wote wadogo, kwa kuwa vyako viliwararua. Alingoja. Ulipomaliza na punda ulikunja karatasi yako ukakaa.

Alirudi nyumbani, akakiosha kile kisu chake kidogo cha kuchunia, akaanza kumenyea viazi. Hakukanyaga makumbusho tena, wala hakutoka nawe tena.

Mbarka alikufuata siku ile ile. Ulimjibu ukiwa umeshangaa kweli: "Nitaje jina la mke wangu mbele ya wanaume mia mbili? Kwani mimi ni mtu wa namna gani?" Ndivyo tulivyolelewa, ni kweli. Mwanamume humwita mkewe "nyumbani", au "mama watoto". Hata kwenye lebo, pale pa jina la mkusanyaji, ulipofika kwake ulichora kistari. Uliona ni heshima. Lakini Neziha ni mtoto wa wachungaji, na kwao mwanamke huitwa kwa jina lake kutoka kilima mpaka kilima, na asiyeitwa hudhaniwa amepotea. Wewe hukumwuliza, yeye hakukuambia. Mkakaa nyumba moja miaka ishirini na tisa, mkila sinia moja, kila mtu na lake.

Basi Dalenda alikwenda kumwomba.

"Mama, nisaidie. Wewe ndiye unayepajua."

"Muulize punda."

"Mama!"

"Punda alishukuriwa. Mimi sikuwepo." Akaendelea kuchambua dengu.

Alimbembeleza mwezi wa tano, akambembeleza wa sita. Alimletea tende, alimletea wajukuu. Mbarka alijaribu kwa ukali, akafukuzwa. Kaka yake Dalenda, Khmaisi, alipiga simu kutoka Marseille, akaambiwa asimalize salio lake bure. Joto likapita. Dalenda alikonda, macho yakaingia ndani, akawa anasinzia darasani juu ya madaftari ya wasichana. Alikuwa na haki ya kuacha. Sisi wenyewe tulimwambia aache: ni manyoya, binti, baba yako amekwenda. Alisema ataacha wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika akasema hivyo hivyo.

Alhamisi moja mwezi wa tisa alikata tamaa ya kubembeleza. Mama yake alikuwa akiviringisha kuskusi uani. Dalenda aliketi kizingitini na sanduku la viatu lililojaa lebo alizonakili, akaanza kusoma tu, kama mtu anayejisomea.

"'Firigogo dume. Kisima cha Mjane, mkono wa kushoto.'"

Mikono ya mama inazunguka.

"'Kipozamataza. Tulipokula tikiti.'"

Mama alinyunyizia unga maji.

"'Tandawala jike. Tulipogombana mara ya pili.'"

"Ya tatu," alisema mama.

"Eti?"

"Ilikuwa ya tatu. Ya pili tuligombana njiani kwenda kwenye uwanda wa chumvi, alipomkosa kozi akanisingizia nimepiga chafya. Ya tatu ndiyo ya tandawala. Mtu gani huyu, hata magomvi yake mwenyewe hawezi kuyahesabu?"

Dalenda hakuinua macho, aliogopa angemshtua. "Mligombania nini, hiyo ya tatu?"

"Wewe. Ulikuwa tumboni. Alitaka uitwe jina la mama yake, nikakataa nikiwa juu ya ngamia. Nikamwambia nateremka narudi kwa miguu, na tumbo hili. Akasema teremka. Nikateremka. Ndipo tandawala akaruka mbele yangu."

"Ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya kilima chenye mapengo mawili, unapoiacha njia ya chumvi, upande wa..." Mikono ikasimama kwenye sinia. Alimtazama binti yake. "Umenitega."

"Nimekutega, mama."

"Baba yako mtupu wewe." Akafuta unga mikononi kwa aproni, akavuta pumzi ya mtu aliyebeba kitu siku nyingi. "Haya, soma. Lakini si kwa kunikodolea macho hivyo."

Kesho yake alikwenda mwenyewe. Alisimama mlangoni pa ukumbi kwa muda mrefu, mkono puani. "Harufu ile ile," alisema. Akaomba kiti chenye mgongo. Dalenda akamvisha glavu kwa ajili ya ile sumu, mama akalalamika kwamba glavu ni za madaktari wa meno, kisha akaanza.

Siku arobaini, Lazhari, mama na binti, droo kwa droo. Magoti ya mama yalivimba. Dalenda aliandika mpaka kidole kikaota sugu. Mbarka aliwaletea chakula mchana, akikaa mbali karibu na dirisha, kwa kuwa anaamini mbweha wako mmoja humfuata kwa macho. Siku nyingine mama alisema tu, "Leo nimechoka kukumbuka, nirudishe nyumbani," na Dalenda alimrudisha. Lakini siku nyingine, ukweli ni kwamba walicheka.

"Huyu wangu. Huyu wangu. Huyu wake, tazama shingo, kama mtu aliyelalia mto mbaya. Huyu wangu."

Hivyo ndivyo tulivyolijua lile tikiti. Lilianguka kutoka lori la jeshi, likapasuka mchangani mbele yenu, mchana wa mwezi wa nane, maji yamewaishia tangu asubuhi. Ulikata moyo wa tikiti, ule mwekundu usio na mbegu, ukampa Neziha wote, ukala maganda ukisema unayapenda. Kipozamataza alikuja kuokota mbegu. Mama aliisimulia habari hiyo bila kututazama, akaelekeza mahali penyewe kwenye ramani kwa ncha ya sindano: mkono wa kulia wa bonde, palipo na mawe matatu meupe. Dalenda aliandika. Kwenye jina la mkusanyaji, palipokuwa na kistari chako, aliandika Neziha bint Sasi.

"Unaandika nini hapo?"

"Jina lako."

Mama alitazama karatasi, ingawa hasomi. "Imechelewa," alisema. "Lakini andika. Tena kwa wino."

Vistari vilikuwa mia mbili na kumi na vinne. Vyote sasa vina jina.

Kisha wakafika kwenye makabati ya nyuma, yale ya baada ya mwaka themanini na nne. Mama alimshika ndege wa kwanza, akamgeuza tumbo juu, akapitisha kidole kwenye mshono. "Alijifunza kushona," alisema. Sauti yake haikuwa nzuri.

Dalenda alisoma lebo. "'Nilipokaa.'"

Mama alimshika ndege wa pili.

"'Palepale.' 'Nilipokaa tena.' 'Nilipokaa peke yangu.' Mama, ni wapi?"

"Sijui."

"Fikiri kidogo."

"Nimekwambia sijui! Sikuwepo! Mimi nilikuwa hapa namenya viazi!"

Wachungaji nao, miaka ile, walikuwa wamehamia mjini mmoja mmoja. Ulikuwa ukienda peke yako, na motokaa ya makumbusho, na chupa ya chai. Wanyama mia mbili na sabini na mmoja. Hakuna kiumbe hai anayejua ulikaa wapi.

Sasa sikia alilofanya binti yako, na usimkasirikie. Zilikuwa zimebaki siku nne. Alikuwa amechoka mpaka alikuwa akiona lebo usingizini. Akakaa na ramani jikoni kwake, akawagawia ndege wako mahali. Huyu mweke Kisima cha Mjane, huyu kilimani, huyu bondeni. Nani atajua? Alijiambia baba angefanya vivyo hivyo, naye anajua vizuri kwamba usingefanya. Asubuhi alimwambia mama yake.

"Wote?"

"Wote. Ama hivyo, ama shimo."

Mama alimtazama tu. Tulidhani atamgombeza. Hakumgombeza, na hilo lilimwuma Dalenda zaidi.

Mkaguzi alikuja, Ustadh Mundhiri, mtu mfupi mwenye adabu na viatu visivyofaa mchanga. Alisoma orodha yote, akacheka kwenye magomvi, akaomba samahani kwa kucheka. Kisha akasema, akimwita halati kama mtu amwitavyo mama mdogo: "Halati Neziha, mimi nitachomoa lebo tatu bila kuchagua. Nipeleke."

Ya kwanza ilikuwa ya tikiti. Mama alikaa mbele, akamwongoza dereva kwa kumpiga begani, kulia, kushoto, wewe unalala? Mawe matatu meupe yalikuwepo. Ustadh alisoma mashine yake ya kupimia mahali, akatazama ramani ya Dalenda, akakubali kwa kichwa. Ya pili ilikuwa ya tandawala, na kilima cha mapengo mawili kilikuwepo, ingawa sasa kuna nguzo ya simu juu yake. Ya tatu ilisema "Nilipokaa peke yangu", na orodha ya Dalenda ilisema kilimani, mashariki ya Kisima cha Mjane.

Wakapanda. Palikuwa na mawe na upepo, hakuna kingine. Dalenda alisimama nyuma ya gari, hakuweza kumtazama mama yake usoni.

"Ni hapa, Halati?" aliuliza Ustadh Mundhiri.

Neno moja tu, Lazhari. Ndiyo. Angesema ndiyo, na wote mia nane wangebaki. Wewe mwenyewe ungebaki.

Mama alizungusha macho, akajifunga shali. "Ustadh, hapa simjui mtu aliyekaa. Mahali huyu mzee alipokaa sipajui. Kuanzia mwaka ule sikuwa nikienda naye tena, na wa baada ya hapo wote tumekuandikia uongo. Binti yangu amechoka, ndiyo sababu. Waliotangulia ni kweli, naapa kwa kaburi la baba yangu."

Dalenda alianza kulia palepale. Ustadh Mundhiri alimngoja amalize. Kisha akasema, bila ukali, "Mwalimu, huyu ni ndege wa matete. Umempandisha kwenye mawe makavu. Nililiona hilo tangu mezani. Mama angesema ndiyo, ningeandika kwamba orodha nzima haifai."

Mwalimu wa baiolojia! Tumemtania sana tangu hapo, na yeye huvumilia.

Kwa hiyo habari ndiyo hii. Mia moja na arobaini wa daktari wamebaki, daftari lake limewaokoa. Mia nne na kumi na wawili, wa wachungaji na wenu nyote wawili, wamebaki, nao aliyewaokoa ni mke wako. Ukumbi umepakwa chokaa mpya na paa limezibwa. Wako, wale wa peke yako, tuliwazika mwezi wa kumi na mbili nyuma ya makumbusho, wafanyakazi wawili wenye vitambaa puani wakiwashusha kwa masanduku. Tunasikitika. Tulitaka kukuambia wenyewe kabla hujasikia kwa mwingine.

Baridi ilikuwa kali. Mama alikataa kiti. Alimwambia Dalenda azisome lebo zote, moja moja, kabla ya chokaa. Ilichukua saa mbili. Nilipokaa. Nilipokaa tena. Palepale. Nilipotia chai. Nilipokaa. Wafanyakazi walitaka kuharakisha, Mbarka akawatolea macho, wakaegemea sepetu zao wakasikiliza. Nasi tukasikiliza miaka yako ishirini na tisa ambayo hatukuwahi kuiuliza.

Ilipokwisha, mama alisema, na alisema kwa sauti, wote tulimsikia: "Asiyekuwepo na lake halipo. Yeye alinisahau dakika tano. Mimi nilinuna miaka ishirini na tisa, nikidhani namkomoa. Ningekuwa nimekaa hapo pembeni yake hata kwa hasira, bila kusema naye, leo hawa wangekuwa juu." Kisha akamwambia Dalenda ampe mkono, magoti yalikuwa yamekufa ganzi, na wakarudi nyumbani polepole.

Wanaokukumbuka ni dada yako Mbarka, mwanao Khmaisi na mkewe walio Marseille, wajukuu wako Ramla na Idrisi, na binti yako Dalenda, ambaye tumemlazimisha alale mpaka saa nne siku za mapumziko. Na mkeo, Neziha bint Sasi. Tumeliandika jina lake hapa gazetini, wanaume wa mkoa mzima walisome, nawe utuvumilie.

Tulikuwa tumemalizia kama watu wote wanavyomalizia, kwamba daima hatutakusahau. Tulipomsomea mama, alituzuia kwenye neno hilo.

"Daima?" alisema. "Nina miaka sabini na moja. Daima ni ya Mungu. Andikeni nitamkumbuka siku zilizobaki, zote, bila kuacha hata moja. Na mwandike nimemsamehe. Na yeye anisamehe, maana kila asubuhi alipotoka na chupa yake ya chai alisimama kidogo mlangoni, nami nilijua ananingoja, na sikuinuka."